Game Gear ya zamani yenye kioo kilichofifia: uanzie wapi, utafute nini

Niliikuta ndani ya sanduku la bati la marehemu mjomba, chini ya mashati yake ya kazi ya melini, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Game Gear ya Sega, mashine ya michezo ya video ya kushika mkononi, nyeusi, nene, nzito kuliko simu yoyote ninayoijua. Kaseti ya Columns, mchezo wa kupanga vito vinavyoshuka, bado ilikuwa imechomekwa. Nikatia betri sita, nikasukuma swichi. Taa nyekundu ikawaka, na kioo kikapata rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Picha hakuna. Nikakiinamisha mbele ya macho, kama unavyoinamisha noti kutafuta alama ya maji, ndipo nikaviona vito vya Columns vikishuka kimoja kimoja, kwa mbali, kama watu nyuma ya pazia.

Game Gear nyingi zinazotolewa makabatini leo zina hali hiyo hiyo. Wenye nazo wengi husema kioo kimekufa, wanaitupa au wanaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi kioo ni kizima kabisa. Kilichokufa ni vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, kapasita, na kimoja hakizidi ukubwa wa punje ya mbaazi. Kwa hiyo nakuomba usihukumu kioo kabla hujafika mwisho wa safari hii.

Giza la kuzaliwa na giza la ugonjwa

Kwanza hakikisha mashine yako ni ipi, maana si kila kioo hafifu ni kibovu. Game Boy ya Nintendo ya mwaka 1989 haina taa ndani. Kioo chake hutegemea mwanga wa nje, vivyo hivyo Game Boy Advance ya kwanza ya mwaka 2001. Ukiwa nayo sebuleni jioni ukaona giza, hapo hakuna ugonjwa. Toka nayo barazani, mwanga utokee nyuma ya bega lako, na kama ni Game Boy ya kwanza zungusha kigurudumu cha ubavuni kushoto mpaka picha ikolee. Ikikolea, huna la kutengeneza.

Game Gear ni habari nyingine. Ilitoka Japani mwaka 1990, ikafika Marekani na Ulaya mwaka 1991, ikiwa na kioo cha rangi cha inchi 3.2 na taa ya tyubu nyuma yake: tyubu kweli, ya ukoo mmoja na ile ya darini, ila fupi kama kidole. Taa hiyo ndiyo inayokula betri sita za AA kwa saa tatu hadi tano tu, wakati Game Boy ilitumia nne kwa siku nyingi za mchezo. Kwa kuwa ina taa yake, Game Gear haina udhuru wa giza. Ikififia, kuna sababu, na sababu hutafutwa.

Kabla hujashika bisibisi

Anza na betri. Za bei nafuu zinazouzwa kwa remoti na saa za ukutani, zile za kaboni, haziiwezi mashine hii. Ukizipima zikiwa zimekaa tu, mita inasoma volti 1.5 safi. Mashine ikiwaka, volti zinaporomoka. Tumia za alkalaini mpya, zote sita za aina moja na za siku moja. Jumla yake iwe karibu volti 9. Za kuchaji za NiMH zinafaa pia ingawa kila moja ni volti 1.2, kwa sababu zinastahimili kutoa umeme mwingi kwa mkupuo bila kulegea.

Angalia nyumba za betri, kulia na kushoto, tatu kila upande. Kwetu pwani, chumvi ya hewa na betri zilizosahauliwa hufanya kazi pamoja. Spring zikiwa na unga mweupe au ukoko wa kijani, chovya pamba ya masikio kwenye siki kidogo, sugua hadi unga uache kutoa povu, futa kwa maji kidogo, kisha malizia kwa spiriti na uache ikauke kabisa. Spring iliyoliwa hadi kuwa nyembamba ibadilishwe. Kuikwangua kwa msasa kutaiondolea ngozi yake ya kinga, na mwezi ujao utakuta kutu pale pale.

Kisha tafuta kigurudumu cha kurekebisha mwanga wa kioo, ukingoni mwa mashine. Kizungushe kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, mara kumi au zaidi. Miaka thelathini ya vumbi hukaa ndani yake, na wakati mwingine picha inaruka na kurudi kadiri unavyozungusha. Ikiwa hivyo, kigurudumu ni kichafu, na umepata sababu moja bila kufungua chochote. Ikiwa unazungusha na kioo hakibadiliki hata kidogo, au kinapita kutoka giza la kijivu hadi weupe bila picha katikati, endelea kusoma.

Kaseti nayo isafishwe meno kwa spiriti na pamba. Tuliokua na michezo ya kuchomeka kwenye televisheni tulizoea kuipuliza kwa mdomo. Acha, mate yana unyevu na unyevu huleta kutu. Jambo moja la kukumbuka: Game Gear nyingi zikiwashwa bila kaseti hazionyeshi kitu ila mwanga mtupu. Watu wameziita mbovu kwa sababu hiyo tu. Pima ukiwa na kaseti unayoiamini.

Adapta ya ukutani naiacha mwisho kwa makusudi. Usichomeke adapta yoyote kwa sababu tu plagi imeingia. Soma volti, na soma mchoro mdogo wa chanya na hasi karibu na tundu la umeme la mashine yenyewe, ulinganishe na mchoro wa kwenye adapta. Ukikosea upande, fyuzi ya ndani itaungua ukiwa na bahati. Bila bahati, itaungua na zaidi ya fyuzi.

Inawaka sekunde mbili, inazima

Betri dhaifu na spring chafu ndizo sababu za kwanza. Ikiwa zote mbili umeziondoa na bado taa nyekundu inawaka na kuzima, shaka inahamia kwenye bodi ya umeme. Game Gear ina bodi tatu: kubwa ya mchezo na kioo, ndogo ya umeme, na ndogo ya sauti. Bodi ya umeme inapokea volti 9 za betri na kutoa volti 5 kwa ajili ya vichipu, pamoja na nyingine ya juu zaidi kwa ajili ya kioo. Kapasita zake zikichoka, mashine inajaribu kuamka, inakosa nguvu, inajizima. Pima zile volti 5 kwa mita wakati inajaribu kuwaka. Zikiyumba au zikianguka, umempata mhusika.

Mwanga upo, picha ni kivuli

Hii ndiyo iliyokuwa yangu, na ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu.

Ingia chumba chenye giza, washa mashine. Ikiwa kioo kizima kinang'aa sawasawa lakini picha ni hafifu, au inaonekana kwa kuangalia ubavuni tu, basi tyubu ni nzima na kioo kwa kiasi kikubwa ni kizima. Kinachokosekana ni volti sahihi ya kukoleza picha. Volti hiyo inasawazishwa na kapasita za elektroliti za bodi kubwa: vikopo vya alumini vimekaa juu ya bodi, kila kimoja kikiwa na kimiminika ndani.

Kapasita za aina hii zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 zina sifa mbaya duniani kote. Kizibo chao cha mpira kilishindwa, kimiminika kikavuja polepole kwenye bodi, na vifaa vingi vya wakati ule, zikiwemo kompyuta za Macintosh za miaka hiyo hiyo, viliugua ugonjwa huo huo. Haijalishi mashine ilichezwa sana au ilikaa ndani ya kanga muda wote. Yangu haikuchezwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado zote zilikuwa zimevuja.

Ukifungua, utaijua kwa macho na kwa pua. Chini ya vikopo bodi inakuwa na weusi au unyevu wa mafuta, risasi ya kulehemu kwenye miguu yao imepoteza mng'ao na kuwa kijivu kama jivu la mkaa. Na ukigusa pale kwa pasi ya kulehemu, inatoka harufu ya samaki aliyelala. Sikuamini nilipoambiwa. Nilipogusa mguu wa kwanza, shangazi aliyekuwa jikoni akauliza nani ameacha nguru kwenye mfuko. Kwangu harufu ile inatosha kuwa ushahidi, hata kabla ya mita kusema lolote.

Sauti ndogo, au hakuna sauti

Kapasita hizo hizo, safari hii kwenye bodi ya sauti. Dalili ya kawaida: spika kimya, lakini ukichomeka hedifoni unasikia muziki kwa mbali. Kabla ya kubadilisha chochote, chomeka na kuchomoa hedifoni mara kadhaa, kwa sababu tundu chafu linaweza kuifanya mashine iamini kuwa hedifoni bado imo na kuzima spika. Sauti ikiwa chini na picha hafifu kwa pamoja, usihangaike na tundu. Bodi zote zinahitaji kapasita mpya.

Mwanga wenyewe haupo

Taa nyekundu inawaka, muziki unasikika, kioo ni cheusi. Mulika tochi ya simu kwa pembeni, karibu na kioo. Ukiona picha ikitembea ndani ya giza, tatizo ni tyubu au sehemu inayoilisha umeme. Tyubu ya zamani mara nyingi hutoa ishara kabla ya kufa: ncha zake zinakuwa nyeusi, mwanga unakuwa wa waridi, au inachukua muda kushika.

Hapa nasema kwa uzito. Transfoma ndogo inayowasha tyubu hiyo hupandisha volti 9 hadi mamia ya volti. Usiweke kidole wala bisibisi pale mashine ikiwa inawaka, na ukiizima subiri kidogo kabla ya kugusa. Watoto wasiwepo mezani.

Tyubu mpya za kiasili ni shida kupatikana. Wengi siku hizi huweka taa za LED mahali pake, au hubadilisha kioo kizima kwa kile cha kisasa. Kioo cha kisasa kinang'aa vizuri na betri zinadumu zaidi, sikatai. Lakini mimi ningebadilisha kapasita kwanza, niione mashine ilivyokuwa siku ilipotoka dukani, ndipo niamue.

Mistari na madoa

Mstari mmoja uliokufa kutoka juu hadi chini kwa kawaida ni utepe wa kioo ulioachia pale ulipogandishwa. Kwenye Game Boy ya kwanza mistari hiyo hurudishwa kwa kupitisha ncha ya pasi taratibu juu ya utepe chini ya kioo. Kwenye Game Gear sikushauri. Joto likizidi kidogo unapoteza mistari kumi. Doa la zambarau au jeusi lisilohama, hasa pembezoni, ni kioo chenyewe kuharibika, na hilo halina dawa isipokuwa kubadilisha. Mikwaruzo ya plastiki ya juu ni jambo dogo. Plastiki mpya zinauzwa, na ukiitoa ya zamani ndipo utakapogundua nusu ya ukungu ulikuwa pale.

Kubadilisha kapasita

Kufungua kunahitaji bisibisi ya msalaba na nyingine maalumu ya milimita 4.5, ya kichwa chenye meno kwa ndani, kwa ajili ya skrubu ya usalama. Wapo wanaoyeyusha mrija wa kalamu ya plastiki juu ya skrubu ili uchukue umbo lake. Inawezekana, ila skrubu ikikaza mrija unazunguka bure na unaacha plastiki ndani. Nunua bisibisi yenyewe.

Ganda likiachia, usilivute. Ndani kuna nyaya na tepe zinazoshikanisha bodi, kwa hiyo lifungue polepole kama unavyofungua msahafu wa zamani. Piga picha kila hatua. Tafuta maandishi ya toleo kwenye bodi kubwa, VA0, VA1 na kuendelea. Idadi na thamani za kapasita hutofautiana kati ya toleo na toleo, na seti zinazouzwa tayari hupangwa kwa namba hizo. Ukinunua moja moja dukani, maikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita) ziwe zile zile zilizoandikwa, volti ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue.

Kuzitoa ndiko kunakoharibu bodi nyingi. Kuna video ambamo fundi anakishika kikopo kwa koleo na kukizungusha mpaka kinang'oka. Kwenye bodi mpya labda. Kwenye bodi iliyolowa elektroliti, kile kimiminika cha kapasita, miaka thelathini, gundi inayoshika sahani ndogo za shaba imeshalegea, na ukizungusha unaondoka na sahani pia. Weka flaksi, dawa inayosaidia risasi kuyeyuka na kushika, ongeza risasi mpya juu ya miguu yote miwili ili ile ya zamani iyeyuke kirahisi, kisha pasha upande mmoja, upande wa pili, upande mmoja, upande wa pili, mpaka kikopo kiachie chenyewe. Ukiwa na pasi mbili ni rahisi zaidi. Wenye mashine ya upepo wa moto wawe waangalifu, vikopo vyenye kimiminika vinaweza kupasuka. Fungua dirisha.

Kila kimoja kikitoka, safisha pale pale kwa mswaki na spiriti kali, ile ya isopropili ya asilimia 99 ukiipata. Kama ni ya dukani yenye maji mengi, iache bodi ikauke muda mrefu. Usiposafisha, risasi mpya haishiki, na mabaki ya elektroliti yanaendelea kuila shaba chini ya kapasita yako mpya.

Sasa angalia pande, maana hapa ndipo nilipokosea mwenyewe. Bodi imechapwa alama ya kujumlisha kwenye upande wa chanya. Kikopo cha alumini kina alama nyeusi juu, nayo huonyesha *hasi*. Kapasita za tantalamu, zile za njano au nyeusi zenye umbo la tofali, zina mstari pia, lakini mstari wao huonyesha *chanya*. Mtu akitoka kwenye aina moja kwenda nyingine, jicho linafuata mstari kwa mazoea. Nilifunga moja kinyume, nikawasha, ikatoa moshi mwembamba na kishindo kidogo kama punje ya bisi. Bahati yangu ilikuwa moja tu na bodi haikuungua. Tangu siku hiyo nachora kwa kalamu ya wino alama ya chanya juu ya kila kapasita kabla haijagusa bodi. Za seramiki hazina upande, na kwa anayeanza ndizo ningemshauri pale zinapopatikana kwa thamani inayotakiwa.

Sahani ikiwa imeng'oka, usikate tamaa. Fuata njia ya shaba kwa mita, utafute inakotokea au inakoelekea, na uunganishe kwa uzi mwembamba wa waya. Nina mbili za namna hiyo kwenye yangu, na hazijanisumbua.

Jaribio la mwisho

Kabla ya kufunga ganda, kagua kila kiungo kwa lenzi au kamera ya simu, hakikisha hakuna tone la risasi lililounganisha miguu miwili. Weka kigurudumu cha mwanga katikati, tia kaseti, washa, na acha mkono kwenye swichi kwa sekunde kumi za kwanza. Kitu chochote kikipata joto la kuchoma au kikinuka, zima mara moja.

Columns ni kaseti nzuri ya kupimia, kwa kuwa vito vyake vina rangi kali zilizo mbalimbali: nyekundu, kijani, buluu, manjano. Kila rangi isimame yenyewe bila kuchafuka. Kisha zungusha kigurudumu pole pole; picha inapaswa kukolea, kufika mahali pazuri, kisha kuzidi. Ikipita hatua zote tatu, volti za kioo zimerudi. Bonyeza vitufe vyote, kila upande wa kile cha mwelekeo, 1, 2 na Start. Kitufe kinachogoma kwa kawaida kinahitaji tu raba yake ifutwe kwa spiriti. Iache ikicheza saa nzima. Picha ikianza kufifia baada ya dakika ishirini, rudi kwenye betri kwanza, pima tena zikiwa kazini, halafu bodi ya umeme.

Yangu ilichukua jioni tatu. Jioni ya tatu niliiwasha mezani, taa ya chumba ikiwa imezimwa, na rangi zikamwagika mpaka kwenye ukuta wa nyuma yangu. Shangazi akaja, akasimama mlangoni na upawa mkononi, akasema alikuwa hajaiona ikiwaka tangu mjomba alipokuwa akiicheza kwenye mkeka wakisubiri meli yake ipakie. Akaomba aishike. Mashine ina mstari mmoja uliokufa upande wa kulia wa kioo, mwembamba kama uzi, na shangazi akacheza mpaka betri zikaisha bila kuuliza ni wa nini.